Kutoka Kuchunga Mbuzi Hadi Kutafuta Visukuku: Habari za Kamoya Kimeu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bendera)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya kazi ya sayansi. Desturi ya mikutano yetu ni kwamba mwenye kupewa nafasi hii huwaeleza wanafunzi jinsi alivyosoma, alivyofaulu, na cheo alichofikia. Mimi nimefanya kazi ya jiolojia mpaka nikastaafu, na ningeweza kufanya hivyo. Lakini leo naomba ruhusa yenu nieleze habari za mtu mwingine, ambaye hakusoma hapa Bendera, wala hakusoma sekondari yo yote. Jina lake ni Kamoya Kimeu.

Nina sababu ya kumchagua. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nyumba za huku kwetu, tangu Ndungu na Kihurio mpaka hapa, hugawanyika mafungu mawili. Kuna nyumba zinazopika pilau, na kuna nyumba zinazofunga milango. Kijana aliyepata sifuri husemwa kwa sauti ya chini kama kwamba kuna msiba. Na sisi wanafunzi wa zamani tunalikuza jambo hilo. Tukikutana namna hii tunaulizana nani yuko Chuo Kikuu na nani yuko wizarani. Yule mwenzetu anayetengeneza pampu za maji kule mashambani, ambaye bila yeye mpunga ungekauka, hakuna anayeuliza habari zake. Basi nataka tuyatazame maisha ya mtu mmoja, kisha tuone yanatufundisha nini. Nawaambieni mapema kwamba yanafundisha mambo mawili, na la pili si tamu kama la kwanza.

Kamoya Kimeu alizaliwa Ukambani nchini Kenya, upande wa Makueni, mnamo mwaka 1938. Alikua akichunga mbuzi, na shule aliisoma miaka sita hivi tu ya msingi. Mwaka 1960 alisikia kwamba daktari mmoja wa Kizungu, Louis Leakey, anatafuta vijana wa kwenda kuchimba mifupa katika bonde la Olduvai, hapa Tanganyika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 1959, Mary Leakey mke wa daktari huyo alikuwa ameliona fuvu la zamadamu ambalo wengi wetu tulilisoma kwa jina la Zinjanthropus. Habari hizo zilienea dunia nzima, fedha za utafiti zikapatikana, na mikono ikahitajika.

Fikirini kazi hiyo ilivyosikika masikioni mwa kijana wa Kikamba wa siku zile. Kuchimba mifupa! Kwao, kama kwetu Upareni, mifupa ya wafu haichezewi. Kijana alidhani anaitwa kufukua makaburi. Hata hivyo alikwenda, akapewa kazi ya kibarua cha kuchimba, na siku za kwanza hazikuwa na tofauti na kazi ya mtu alimaye shamba la mwenziwe.

Sasa tuone kazi yenyewe, maana wanafunzi wengi hudhani visukuku hupatikana kwa kuchimba tu mpaka chini. Sivyo. Mnyama akifa kando ya ziwa au mto, mara nyingi fisi na jua humaliza kila kitu. Mara chache tu mifupa huwahi kufunikwa na tope au mchanga. Hapo maji yenye madini hupenya ndani ya mfupa polepole, na kwa miaka mingi sana mfupa hugeuka kuwa mzito kama jiwe. Baadaye ardhi huinuka na kupasuka, mito na mvua huikata, na kile kilichokuwa chini hutokea juu. Lakini kikishatokea, hakina muda mrefu. Jua hukipasua, ng'ombe hukikanyaga, mvua hukisukuma korongoni. Kwa hiyo ni lazima apite mtu mwenye macho mahali pale katika ile misimu michache kati ya kutokea kwake na kuharibika kwake. Jembe na sururu huja baadaye. Kwanza huja miguu na macho.

Tena kuona si jambo jepesi. Jangwani kuna mawe maelfu kwa maelfu, meusi na ya kahawia, na kipande cha mfupa chenye ukubwa wa kidole kimelala katikati yake kikiwa na rangi ile ile. Mtafutaji hana budi kujua mkunjo wa fuvu la mtu unatofautianaje na gamba la kobe, na jino la nyani linatofautianaje na la nguruwe. Kijana aliyekulia kwenye mbuzi, aliyechinja na kuchuna, aliyekwisha kuona mzoga unavyotawanyika porini, anao mwanzo mzuri wa elimu hiyo. Kamoya alikuwa na mwanzo huo, naye akauongeza. Aliuliza. Alishika mifupa ya wanyama wa leo akailinganisha na ya kale. Alijifunza majina yake ya kitaalamu. Baada ya muda mfupi akina Leakey wakatambua kwamba kibarua yule anaona vitu ambavyo wengine wanavipita.

Mwaka 1964 msafara mmoja ulikwenda Peninj, magharibi mwa Ziwa Natron, katika mkoa wetu jirani wa Arusha. Huko Kamoya aliliona taya la chini la zamadamu, zima, na meno yake yote yakiwamo. Sikilizeni uzito wa jambo hilo. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana bila taya la chini. Wataalamu walikuwa wakikisia tu taya lake lilikuwaje. Taya la Peninj ni la jamii ile ile, nalo lina umri wa karibu miaka milioni moja na nusu. Kwa hiyo tunapoona picha za kiumbe yule akiwa na mdomo kamili, tukumbuke kwamba nusu ya chini ilionwa na mtu aliyeishia darasa la sita.

Mwaka 1967 alikwenda na msafara wa Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, katika bonde la mto Omo nchini Ethiopia. Huko aliona mifupa inayojulikana kwa jina la Omo ya Kwanza. Mifupa hii ni ya mtu kama sisi. Kwa miaka mingi umri wake ulibishaniwa. Mwaka 2005 wataalamu waliupima wakasema ni miaka 195,000 hivi, na mwaka 2022 uchunguzi wa majivu ya volkano yaliyolala juu yake ulionyesha kwamba haupungui miaka 230,000 hivi. Maana yake ni kwamba ni miongoni mwa mifupa ya kale kabisa ya watu wa namna yetu inayojulikana duniani.

Wanafunzi wa kemia watauliza majivu yanapimwaje. Ndani ya majivu ya volkano mna chembe zenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo ambao haubadiliki. Volkano inapolipuka, agoni ya zamani hutoka, na hesabu huanza upya. Ukipima agoni iliyokusanyika tangu hapo, unajua miaka iliyopita. Njia hiyo ndiyo iliyotumiwa Olduvai mwaka 1961, na ikawashangaza watu kwa kuonyesha kwamba Zinjanthropus aliishi zaidi ya miaka milioni moja na laki saba iliyopita. Kwa hiyo mnapoona hesabu za kidato cha tatu hazina kazi, jueni kwamba ndizo zinazohesabu umri wa dunia.

Kamoya akawa kiongozi wa kundi la watafutaji Wakenya waliofanya kazi kandokando ya Ziwa Turkana. Lilikuwa kundi la watu wenye nidhamu. Walitembea kwa mstari tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, kila mtu na sehemu yake. Mmoja wao, Bernard Ngeneo, ndiye aliyeona mwaka 1972 vipande vya fuvu mashuhuri liitwalo 1470. Mwaka uliofuata Kamoya mwenyewe aliona fuvu jingine, nambari 1813. Mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakamkabidhi usimamizi wa maeneo ya kale ya nchi nzima.

Halafu ukaja mwezi wa Agosti 1984. Kundi lilikuwa limepiga kambi karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku moja ilikuwa ya mapumziko. Wenzake walifua nguo na kulala. Kamoya akatembea hadi ng'ambo ya korongo, mahali ambapo mtu mwingine asingepachagua: changarawe nyeusi, mti wa miiba, na nyayo za mbuzi. Pale akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kibiriti, cheusi kama changarawe iliyokizunguka. Akajua ni cha zamadamu. Uchimbaji uliofuata ulidumu misimu kadhaa, na mifupa zaidi ya 100 ya mwili mmoja ikatoka: kijana wa kiume aliyekufa kabla hajakomaa, miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, mrefu kiasi cha sentimita 160. Ndiye aitwaye Mvulana wa Turkana. Mpaka leo hakuna mifupa ya zamadamu wa enzi zile iliyo kamili kama ile.

Mwaka 1985 Kamoya alikwenda Marekani, akapewa medali ya La Gorce ya National Geographic Society kwa mkono wa Rais Reagan, katika Ikulu ya Washington. Aina mbili za wanyama wa kale wa jamii ya nyani zimepewa jina lake katika Kilatini cha sayansi: Cercopithecoides kimeui mwaka 1982, na Kamoyapithecus mwaka 1995. Mwaka 2021, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki Julai 2022.

Ndugu zangu, hilo ndilo fundisho la kwanza, nanyi wanafunzi mmekwisha kulipata: mlango wa sayansi hauko darasani peke yake. Ningeweza kuishia hapa, mkapiga makofi, tukaenda kula. Lakini nisingekuwa nimewatendea haki.

Tazameni tena mwaka 1985. Mwaka ule ule aliopewa medali, habari za Mvulana wa Turkana zilichapishwa katika gazeti kubwa la sayansi la Uingereza liitwalo Nature. Waandishi walikuwa wanne: Brown, Harris, Leakey na Walker. Jina la mtu aliyekiona kile kipande cha kwanza halimo miongoni mwao. Sisemi kwamba walimwibia. Sifa zake walizitangaza kila walipokwenda, na desturi ya sayansi ni kwamba aandikaye ndiye anayetajwa kuwa mwandishi. Lakini pana swali hapo. Kwa nini yeye hakuandika?

Msiniambie kwamba ni kwa sababu hakuwa na digrii. Richard Leakey mwenyewe aliacha shule akiwa kijana na hakusoma Chuo Kikuu. Mama yake, Mary, aliyeliona lile fuvu la Olduvai, naye hakuwahi kusomea digrii. Alianza kwa kuchora picha za zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya watu wengine. Hao wawili waliandika vitabu na makala nyingi, na dunia ikawaita wanasayansi. Kwa hiyo tofauti haikuwa cheti. Walizaliwa katika nyumba zenye vitabu, katika lugha ambayo makala huandikwa, na katikati ya watu ambao mlango wao ulikuwa wazi. Kamoya hakuwa na hayo. Macho yake yaliwapita wote, lakini kalamu haikuwa mkononi mwake.

Na hapo kale ilikuwa vigumu zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya madinosau kule Tendaguru, Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi wakabeba vipande vile vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Leo mnyama mmoja wa Tendaguru amesimama Berlin, na kimo chake kinapita mita 13. Watu humiminika kumtazama. Jina la Boheti lilisubiri mpaka mwaka 2007 ndipo mtaalamu mmoja alipompa dinosau mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Ni karibu miaka mia moja.

Basi fundisho la pili ni hili: jicho bila kalamu hufanya kazi, lakini sifa na uamuzi hubaki kwa mwenye kalamu. Yeye ndiye anayesema kitu kiitweje, kikae wapi, na nani akitazame. Kijana asije akatoka hapa akisema, "Mzee ametuambia shule haina maana, Kamoya aliishia darasa la sita." Sikusema hivyo. Kamoya alifika mbali kwa sababu hakuacha kujifunza, na angefika mbali zaidi kama mtu angempa yale aliyonyimwa.

Mambo yamebadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Mwaka 2015, kule Laetoli, ambako mwaka 1978 zilipatikana nyayo za zamadamu wa miaka milioni tatu na nusu na zaidi, zilionekana nyayo nyingine mpya. Makala ya ugunduzi huo ilitoka Desemba 2016, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la Mtanzania, Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu Tendaguru mpaka hapo ni miaka mia moja na kitu. Mwendo ulikuwa mrefu, lakini safari hii jicho na kalamu vilikuwa vyetu.

Sasa niseme jambo la hapa nyumbani, maana najua kuna kijana atakayepanda mlimani Jumamosi akitafuta fuvu. Milima yetu ya Upare haina zamadamu ndani ya mawe yake. Miamba hii ilipikwa na kubanwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla hajakuwako mnyama ye yote mwenye mfupa katika nchi kavu. Ukitaka visukuku, tafuta tope la maziwa ya kale na majivu, kama huko Natron na Olduvai. Lakini milima hii inayo elimu nyingine. Mafundi chuma wa Ugweno waliyeyusha mawe wakapata chuma, wakafua majembe. Wazee wa Upare ya Kusini walijenga ndiva, wakajaza maji usiku na kuyafungulia mchana, na mifereji yao ikafuata mteremko bila kipimo cho chote cha kiwandani. Hao walikuwa watu wenye jicho la Kamoya. Wengi wao hatuwajui hata majina, kwa sababu hakuna aliyeandika. Mpaka leo wazee wachache wanaozijua ndiva wako hai, nanyi mnao madaftari. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuianza wiki ijayo, na haihitaji fedha za mfadhili.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi. Mtakaofaulu, msimdharau anayejua kazi kwa mikono na macho. Siku moja mtamhitaji, na uungwana ni kuliandika jina lake penye kazi aliyoifanya. Mtakaoshindwa mtihani, msijifungie ndani. Tafuteni mtu anayeijua kazi, mfuateni, ulizeni kila siku, na daftari lisitoke mkononi. Kamoya hakungoja mtu amwambie kwamba anafaa.

La pili ni kwa walimu wa sayansi. Kabati moja la mawe ya Upare, yenye majina na mahali yalipookotwa, lingefaa sana katika maabara yetu. Jasi ya Makanya ipo, miamba yetu ipo, na watoto wenye miguu wapo. Mimi niko tayari kuja kuyapanga pamoja nao.

La tatu ni kwetu sisi wanafunzi wa zamani. Kila mwaka tunachanga ili kuwasaidia waliochaguliwa kidato cha tano. Ni jambo jema, tuendelee nalo. Naomba tutenge fungu, hata likiwa dogo, kwa ajili ya wasiochaguliwa: nauli ya kumfikia fundi, ada ya chuo cha ufundi, au karo ya kurudia mtihani. Na katika daftari la wanachama wetu, mahali palipoandikwa "cheo", paandikwe "kazi", ili yule mwenzetu wa pampu naye apate la kujaza. Kama hayumo ukumbini leo, aandikiwe barua aje mkutano ujao. Tena aombwe kusimama hapa niliposimama mimi, awaeleze watoto jinsi maji yanavyopanda.